Sauti Yangu Ndani ya Tableti

Kazi yangu ni kusoma matangazo ya vifo. Katika redio ndogo hapa Goma, kila asubuhi nasema nani ametutoka, nani anaombwa kufika msibani, na maiti itatoka hospitali saa ngapi. Watu wengi wa mji huu wanaijua sauti yangu bila kuujua uso wangu. Nikiuliza bei ya sambaza sokoni, muuzaji huacha kupanga samaki wake, ananitazama, kisha anasema polepole, "Kumbe njo weye mama wa komunike," yaani kumbe ndiye wewe mama wa matangazo. Nilikuwa napenda jambo hilo kuliko nilivyokiri kwa mtu yeyote.

Sauti hiyo ndiyo iliyowaleta watu wa mchezo mpaka redioni kwetu. Walikuwa daktari mmoja mwanamke, wa kutoka Butembo kama mimi, na vijana wawili waliosomea kompyuta. Daktari alinieleza kwamba wanatengeneza mchezo wa kufundisha watu namna ya kujikinga na kipindupindu. Utachezwa kwenye tableti, katika mabenchi ya vituo vya afya na katika kambi za wakimbizi. Tena mchezo hautafundisha tu. Tableti itaweka kila uamuzi wa mchezaji bila jina lake, ili wao watafiti waone watu wanajua nini na wanaogopa nini. Hayo ya mwisho sikuyatilia maanani. Nilichosikia ni kwamba wameutafuta mji mzima na hawakupata sauti nyingine inayofaa.

Tulirekodi katika chumba kilichoegemezwa magodoro ukutani ili kelele za pikipiki zisiingie. Mchezo wenyewe ni rahisi. Mwanamke aliyevaa kitenge cha njano anachota maji ziwani, anapanda na bidoni yake, dumu la maji, juu ya mawe meusi ya volkano mpaka nyumbani. Njiani anatakiwa kupita kwa mtu wa kutia maji kloro, kufunika bidoni, kunawa mikono kabla ya kupika. Mchezaji akimpitisha vizuri, nasikika nikimpongeza. Akikosea, mtoto wa yule mwanamke anaanguka chini, nami nasema, "Angalia! Uchafu wako umeingiza kipindupindu ndani ya nyumba."

Daktari aliuliza kama maneno hayo si makali mno. Kijana mmoja akamjibu kwamba mchezo usiouma hausahihishi mtu. Daktari akafikiri, akakubali. Nami niliyasoma kama yalivyoandikwa, kwa sauti ile mama zetu wanayotumia wakikuta sufuria haikuoshwa. Tulicheka wote. Hatukurudia.

Mchezo ulipoanza kuzunguka, ulivuka vituo vya afya ukaingia ndani ya simu za watu. Katika mtaa wetu wa Katoyi watoto waliushika upesi. Mmoja akiangusha kipande cha muhogo, wenzake wanamwimbia, "Angalia! Uchafu wako!" na watu wazima wanacheka. Baada ya misa wanawake walinisogelea kuniuliza kama majani ya chai yanaua vijidudu, kama maji ya mvua yanahitaji kloro. Mimi, ambaye sikusoma uuguzi hata siku moja, niliwajibu kama mganga mkuu. Wifi yangu, dada mdogo wa mume wangu ambaye tunaishi naye, alianza kukificha kikombe chake kila nilipoingia jikoni, maana nilikuwa nakichungulia.

Kisha maji ya bomba yakakatika mji mzima. Vita vilikuwa vimefika, umeme hakuna, na kila aliyekuwa na bidoni alielekea ziwani. Nilishuka Kituku pamoja na wengine. Kando ya mitumbwi ya wavuvi palikuwa na foleni ndefu ya wanawake, na kijana mwenye bomba la sindano alikuwa akimwaga kloro ndani ya kila bidoni. Mimi nilisubiri zamu yangu. Nyumbani niliyachemsha maji yale tena, hata makaa yalipokuwa machache. Nayasema haya kwa sababu baadaye watu walipenda kuamini kwamba nilikuwa nafundisha nisichokitenda. Nilikuwa nakitenda.

Wiki ile ile tulifiwa na jirani. Mimi mwenyewe nilikuwa nimelisoma tangazo lake redioni. Matangani binti wa marehemu, macho yamemvimba, aliniletea kikombe cha maji kwa mikono miwili. Kukataa kikombe cha mfiwa ni kumtukana. Nikanywa. Pengine ndicho kikombe hicho, pengine ni kitu kingine. Mpaka leo sijui, na daktari ameniambia hakuna atakayejua.

Ugonjwa ulinianza alfajiri, mume wangu akiwa amelala Sake alikokuwa anatengeneza milango ya duka la mtu. Nilidhani ni tumbo la kawaida. Jua lilipopanda kidogo, kilichokuwa kinanitoka kilikuwa maji matupu, meupe kama maji yaliyooshea mchele. Hapo nilijua. Nani angejua kuliko mimi? Nilikuwa nimeisoma dalili hiyo mbele ya mikro ya kurekodia, neno kwa neno, mpaka vijana wakaridhika.

Mchezo unasema jambo moja baada ya dalili hiyo: nenda kituoni sasa hivi. Sikwenda. Kituo kilicho karibu nasi ndicho walichoanzia kuujaribu mchezo. Wauguzi wote walinijua. Benchini kulikuwa na tableti, na ndani ya tableti nilikuwemo mimi. Niliwaza namna nitakavyopitishwa mbele ya wale waliokaa, kanga imelowa, huku sauti yangu ikimwambia mtu kwamba uchafu wake umeleta ugonjwa nyumbani. Niliwaza wanawake wa kanisani. Ukweli ni kwamba sikuwaza kufa.

Choo cha parseli yetu, yaani ua mmoja wenye nyumba nyingi, tunakitumia familia kadhaa, na kukiendea kila wakati kungenifichua. Nikachukua ndoo, nikafunga mlango wa chumba. Wifi yangu alipogonga, nikamwambia ni malaria, aniache nilale. Akauliza kama alete dawa. Nikamjibu kwa ukali kwamba ninazo. Aliacha uji mlangoni. Nilijua pia kwamba ningeweza kumwambukiza yeye na watoto wangu, na nilimwaga kloro ndani ya ndoo kila mara, nikitetemeka, kana kwamba kuficha kwa usafi ni jambo jema zaidi kuliko kuficha kwa uchafu. Nilikuwa na pakiti za chumvichumvi ya kunywa, zile walizotugawia wakati wa kurekodi. Nilichanganya moja. Nikaitapika.

Kufikia adhuhuri misuli ya miguu ilikuwa inajikunja kama kamba. Mume wangu aliporudi, wifi yangu alimwambia nina malaria na kwamba sauti ninayojibu nayo haieleweki. Alisukuma mlango mpaka kitasa alichokipigilia mwenyewe kikang'oka. Alisimama akaiangalia ndoo, kisha akaniangalia mimi. Sikuwahi katika ndoa yetu yote kutaka asinione kama nilivyotaka saa ile.

Nilijaribu kumwambia asinipeleke kituo cha karibu, anipeleke kile cha mbali, upande wa Lac Vert, ambako hakuna anayenijua. Alikielewa nilichosema kwa kuangalia midomo, kwa sababu sauti haikutoka. Akanibeba, akanipakia kwenye pikipiki kati yake na dereva, akanifunga mgongoni mwa dereva kwa kitenge. Na kweli walianza kuelekea magharibi, njia ya Sake, kama nilivyoomba. Sikumbuki vizuri kilichofuata. Mume wangu anasema kichwa changu kilianguka upande, dereva akahisi nimelegea, akageuza pikipiki bila kumuuliza mtu. Alisema hawezi kubeba maiti kwa sababu ya kiburi cha mteja.

Kwa hiyo nilifika pale pale nilipopakimbia, na nimechelewa zaidi.

Kipindupindu kinakausha mtu mpaka koo. Muuguzi aliyenipokea aliinama akaniuliza jina. Nilifungua mdomo, kikatoka kitu chembamba kama mlio wa bawaba. Akarudia, nikarudia. Alikuwa ameisikia sauti yangu kila siku redioni na kila saa kwenye tableti, lakini sasa hakunitambua. Namshukuru Mungu, niliwaza, na wazo hilo linaniaibisha leo kuliko ndoo. Walitafuta mshipa mkononi, hawakuuona, wakaupata mwingine karibu na shingo. Serumu, maji ya dripu, ikaanza kushuka.

Wodi ya kipindupindu ni hema lenye vitanda vya turubai, na kila kitanda kimetobolewa tundu katikati, ndoo chini yake. Hakuna pazia. Siku iliyofuata, nilipoanza kuona watu badala ya vivuli, kitanda cha jirani yangu kilikuwa na mama mmoja wa Masisi anayeishi kambini. Alikuwa ameanza kupata nafuu na alipenda kuongea. Kwa kuwa mimi sikuweza kujibu, alinifaa sana.

Alinisimulia shamba lao la maharagwe, ng'ombe waliochukuliwa, na bintiye ambaye sasa analelewa na dada yake mpaka mama atoke. Kisha akanisimulia jinsi alivyougua. Ulimshika asubuhi, kama mimi. Walikuwa na simu ndani ya nyumba yao ya maturubai, na binti alikuwa akicheza ule mchezo wa maji. Mama alipotapika mara ya kwanza mbele ya mlango, mtoto aliinua kichwa akasema lile neno la mchezo, kwa kelele, kama watoto wote wanavyosema. Majirani wa pande zote walisikia.

"Mutoto hakunitukana," alisema. "Alikuwa anacheza tu. Lakini mi nilisikia haya sana. Nikaenda kujificha nyuma ya mawe, mbali, nikakaa kule mpaka nguvu iliisha. Niliwaza, watasema huyu mama wa Masisi ni muchafu, ametuletea ugonjwa."

Aliyasema bila hasira, akiangalia matone ya serumu yake. Waokota kuni ndio waliomkuta.

Ningependa kusema kwamba nilimshika mkono. Niligeuza uso upande wa pili nikajifanya nimelala. Machozi hayakuja, mwili haukuwa na maji ya kutoa. Nililala pale nikijua kwamba tumelala kitanda kwa kitanda kwa sababu moja, na kwamba yeye aliipata sababu hiyo kutoka kwangu.

Jioni mume wangu alikuja. Alipitia getini, wakampulizia viatu dawa, wakamwosha mikono. Akaiinua ndoo iliyokuwa chini yangu akaenda kuimwaga kabla msaidizi wa wodi hajafika, kana kwamba anatoa majivu ya jikoni. Nilipomfanyia ishara aache, alisema, "Mama, tulia. Ni maji tu." Msaidizi alipokuja akamuuliza mgonjwa wake ni nani. Mume wangu, mtu asiyejua kuficha, akamjibu kwa sauti ya kawaida kwamba mimi ni yule mama anayeongea kwenye mchezo.

Msaidizi alicheka kidogo. Jirani yangu aliinuka juu ya kiwiko.

"Njo weye?" aliniuliza.

Nikaitikia kwa kichwa.

Alinitazama, nami nilisubiri matusi. Kama angenitukana ningepumua. Badala yake akasema, "Binti yangu anapenda sauti yako sana. Anasema inafanana na ya nyanya yake aliyekufa." Kisha akajilaza, akajifunika, na hakunisimulia tena jambo lolote mpaka alipotoka.

Daktari wa utafiti alisikia habari zangu akaja kuniona nyumbani, nilipokuwa nimeanza kutembea ndani ya parseli. Alikuja na matunda. Aliniuliza kwa upole, si kama mtafiti, kwa nini nilichelewa, mimi niliyejua kila kitu. Nilikuwa nimejiandaa kusema usafiri ulikosekana, risasi zilisikika, mume alikuwa safarini. Yote haya yangeaminika. Lakini nilimwona mama wa Masisi nyuma ya mawe yake, nikamwambia daktari ukweli wote, wangu na wa yule mama, kwa sauti iliyokuwa bado inakwaruza.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanieleza kitu kilichokuwa kinawasumbua. Katika yale yaliyowekwa na tableti, wachezaji wengi walikuwa wakifika kwenye sauti yangu ya kukemea, wanazima. Watafiti walidhani ni betri, umeme ukiwa haba. Tena kuna mahali katika mchezo ambapo mwanamke wa kitenge cha njano anaumwa yeye mwenyewe, na mchezaji anachagua ampeleke kituoni au ambakize nyumbani. Waliokwisha kukemewa, wengi walimbakiza nyumbani. Vijana wa kompyuta waliandika kwamba wachezaji hao hawakuelewa somo.

"Walielewa," daktari alisema. "Sisi njo hatukuelewa."

Alisema pia kwamba kosa ni lake, maana yeye ndiye aliyeuliza swali lile siku ya kurekodi kisha akaliacha. Maneno hayo hayakunipunguzia kitu. Aibu si mzigo wa kugawana, kila mmoja hubaki na wake mzima.

Tulirekodi upya. Mtoto haanguki tena. Mchezaji akikosea, bidoni inamwagika, nami nasema kwamba ugonjwa huu unampata yeyote, na anayewahi kituoni anapona. Vijana walitaka nisubiri mpaka sauti irudi vizuri, daktari akasema iliyopo inatosha.

Baadaye waliwaita watu katika ukumbi wa parokia kuwaeleza walichokipata. Nilikaa mstari wa nyuma. Daktari alisema wazi kwamba mchezo wa kwanza ulifundisha watu usafi na wakati huo huo ukawafundisha kujificha. Akataja mshiriki mmoja aliyekaribia kufa kwa sababu hiyo. Hakusema jina, wala hakuhitaji. Vichwa viligeuka kimoja kimoja, kwa adabu, kama watu wanaotafuta mlango uko wapi. Nikatoka nje kabla ya soda.

Mwanamke mmoja alinifuata. Nilimjua kwa sura, mke wa mwalimu mkuu wa shule ya jirani, mzee anayeheshimiwa. Alizungumza akiangalia chini. Mume wake alikuwa anaharisha tangu asubuhi, amejifungia katika chumba cha nyuma, anasema mtu wa cheo chake hawezi kulazwa katika hema la ndoo. Alimwonya mkewe asimwambie mtu. Mama huyo alikuja mkutanoni akitumaini kumpata daktari pembeni, lakini aliposikia habari zangu alinichagua mimi.

Nilitaka kumwita daktari niende zangu nyumbani. Mama yule alikuwa tayari amenishika mkono.

Nyumbani kwao mlango wa chumba cha nyuma ulikuwa wa mbao ngumu. Nilikaa chini, mgongo kwenye mlango, ili asidhani namchungulia. Nilimwamkia kwa heshima. Hakuitika, ila nilisikia anahema.

"Muzee," nilisema, "mimi pia nilijifungia. Nilikuwa na ndoo na kloro, na niliwaambia ni malaria. Ilikuwa bado kidogo wenzangu wanisome redioni."

Nikaendelea kumweleza, kitu kimoja kimoja, yale niliyokuwa sijamweleza hata mume wangu: kitanda chenye tundu, mkojo, namna wanavyokuvua nguo bila kukuangalia usoni, namna baada ya muda unaacha kujali. Nikamwambia aibu ile haikuniua, ila kidogo iniue kabla sijafika. Mkewe alisimama sebuleni amejifunika uso kwa kitenge, nami nilijua kwamba kesho habari hizi zitakuwa zimefika kila parseli. Nilizisema hata hivyo. Sauti yangu ilitetemeka mno, hakuna redio ambayo ingeikubali.

Komeo likavutwa. Hakutaka nimwone, akaomba mkewe aingie peke yake. Nilisubiri nje nikatafuta pikipiki mbili. Walipomtoa alikuwa amefunikwa blanketi mpaka kichwani, na mimi nilitazama barabarani mpaka wakaondoka.

Alipona, akarudi shuleni kwake. Mkewe huniletea mboga ya lengalenga akipita na kuniulizia watoto. Yeye mwenyewe hajanisalimia tangu siku ile. Akiniona natokea, anavuka upande wa pili wa barabara, juu ya mawe, na viatu vyake vilivyopigwa rangi vizuri, anajifanya kuna mtu anamwita kule. Simlaumu. Nami hupunguza mwendo kidogo, nikaangalia pembeni, mpaka apite.